Dakika Nne za Caroline

Pitia alikuwa mtu wa kujisikia, na sababu ya kujisikia alikuwa nayo moja tu. Mwaka 1993, akiwa mkimbizi wa miaka ishirini na minne jijini Kampala, alipiga solo ya gita katika wimbo wa mwisho wa albamu ya bendi yao, Kumbikumbi. Solo yenyewe haikufika hata dakika mbili. Lakini mtu akijua kuzitumia, dakika mbili zinaweza kumweka mjini maisha yake yote, na Pitia alijua kuzitumia. Kila Ijumaa alipiga gita katika hoteli moja ya Hai Amarat, jijini Juba, na wahudumu wa Uganda na Kenya walimwita Mzee Solo. Wageni wapya walisimuliwa habari hiyo kabla hawajaletewa hata maji ya kunywa.

Gune, rafiki yake wa tangu ukimbizini, naye alikuwa mwanabendi wa Kumbikumbi. Alipiga gita la pili. Siku hizi alikuwa akiziba pancha ng'ambo ya daraja, kule Gumbo, na Pitia alipomtambulisha kwa watu alisema, "Huyu alikuwa anatusaidia kubeba spika." Gune alicheka tu. Watu wapole wana ugonjwa huo wa kucheka wanapokanyagwa, na Pitia alikuwa amemkanyaga hadi akasahau kwamba chini ya kiatu chake kuna mtu.

Mambo yote yalianza kwa nia njema ya Lilly, binti yake wa pekee, aliyefanya kazi katika ofisi ya shirika moja huko huko Amarat. Alimnunulia baba yake spika za masikioni, zile kubwa zinazofunika sikio zima, akamjazia kwenye simu albamu za roki za wazungu alizozipenda ujanani. Hazikuwa zile za zamani hasa. Zilikuwa matoleo mapya: watu walikuwa wamerudi kwenye mikanda ya studio, wakaisafisha sauti upya, wakatoa albamu zile zile zikiwa zimeoga.

Pitia alikuwa akizijua albamu hizo kwa kaseti za soko la Owino, Kampala, kaseti iliyonakiliwa kutoka kaseti, nayo kutoka kaseti nyingine, hadi kila wimbo ukasikika kama mtu anaimba nyuma ya kikaango chenye mafuta ya moto. Sasa alikaa kibarazani kwake Munuki, macho kayafumba, akasikia mpiga ngoma akihesabu kabla ya wimbo kuanza. Akasikia kiti kikilia. Akasikia mwimbaji akimeza mate. Wimbo mmoja alioujua kwa miaka arobaini ulikuwa na kinanda ndani, kinanda kizima, kimejificha sikio la kushoto!

"Gune!" alipiga kelele kwenye simu. "Kuja! Acha hiyo matairi, kuja! Sisi tulikuwa viziwi!"

Gune alivuka daraja kwa boda boda, akaketi, akavalishwa spika, akasikia kinanda. Machozi yalimlengalenga. Kwa wiki kadhaa wazee wale wawili walikuwa na furaha ya watoto, wakirudia albamu moja baada ya nyingine, wakibishana kuhusu besi. Ilikuwa furaha ya kweli, na ingefaa ikomee hapo. Haikukomea hapo, kwa sababu Pitia hakuweza kuona kizuri cha mtu asijiulize na chake kikoje. Kama hawa wamesafishwa, je, sisi?

Chini ya kitanda chake kulikuwa na sanduku la bati, na ndani yake, umefungwa kwenye nailoni mara tatu, mkanda halisi wa studio wa Kumbikumbi. Aliuchukua studio ilipofungwa, akauhamisha kutoka Kampala hadi kambini, kutoka kambini hadi Juba, vita vikija na kuondoka. Hakuwahi kuusikiliza. Mashine ya kuuchezea hakuwahi kuwa nayo.

Lilly alipiga picha ya jalada la kaseti akaiweka mtandaoni, na haukupita mwezi, kawaja mmoja wa Ujerumani akamwandikia. Kazi ya mzungu huyo na mkewe ilikuwa hiyo hiyo: kutafuta roki ya zamani ya Afrika, kuisafisha, kuitoa upya kwenye sahani za santuri. Mkanda ukasafirishwa kwa ndege. Pitia alimwagiza Lilly aandike kwa herufi kubwa: kila kilichomo kisafishwe, kisikatwe kitu. Alitaka dunia imsikie hata akipumua.

Baada ya miezi minne barua pepe ilikuja kwa anwani ya Lilly. Nyimbo nane ziko tayari, kawaja aliandika. Zaidi ya hizo, fundi wa studio inaonekana hakuwa akizima mashine, kwa hiyo kuna maongezi ya katikati, na katika maongezi hayo kuna mwanamke anayeongea na kucheka kwa karibu dakika nne, safi kabisa, utadhani yuko chumbani. Je, ni yule mwanamke wa kwenye picha ya jalada?

Mwanamke wa kwenye picha alikuwa Caroline, mwimbaji wa kiitikio, ambaye baadaye aliolewa na Pitia akamzaa Lilly. Alikuwa amekufa miaka mitatu iliyopita, na sauti yake ilikuwa imekufa naye. Simu yake, yenye jumbe zake zote za sauti, iliibwa hospitalini wiki ile ile ya msiba. Kwenye kaseti alikuwa amezama kwenye mafuta ya moto pamoja na wengine. Lilly aliwahi kumwambia baba yake, akiosha vyombo, mgongo kampa, kwamba ameanza kusahau mama alivyokuwa akimwita jina. Dakika nne! Alilia ofisini hadi akapewa ruhusa ya kwenda nyumbani.

Yeye na baba yake wakakubaliana hivi. Jumamosi ilikuwa sala ya kumbukumbu ya miaka mitatu. Ndugu za Caroline walikuwa wanatoka Kajo-Keji na wengine makambini Uganda. Siku hiyo, mbele ya wote, Caroline ataongea. Lilly aliziweka sauti zote kwenye flashi bila kusikiliza hata sekunde moja.

"Baba, wewe sikia kwanza, ni kazi yako," alisema. "Mimi nitangoja mpaka Jumamosi. Mimi nataka kusikia mama pamoja na watu yake."

Jumatano mchana Pitia alimwita Gune, akavaa spika za masikioni yeye mwenyewe, akamwacha mwenzake akae hivi hivi amtazame akisikia. Na jamani, zilikuwa nzuri. Nyimbo nane za vijana wenye njaa, gita zikikwaruza, ngoma zikipiga kifuani, na katika kila kiitikio Caroline, msichana wa miaka ishirini, juu ya wote. Pitia alilia waziwazi. Kisha ikaja solo. Ilikuwa safi hadi unasikia ukucha ukigusa waya mwishoni mwa kila mstari, tik, tik, na Pitia akashangaa kidogo, maana yeye hakuwa na tabia ya kugusa waya kwa ukucha. Alijiambia ni ujana.

Kikafuata kipande cha tisa.

Kwanza alijisikia mwenyewe. Alipiga solo, akaanguka katikati. Sauti ya fundi, Mganda aliyewahi kuwa jeshini, ambaye bendi nzima iliongea naye Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha iliyowakutanisha, ikasema, "Tena." Akaanguka tena. "Tena." Mara ya tano alifika mwisho akichechemea, akasema kwa sauti ya kijana aliyeshiba sifa, "Hiyo ndiyo! Hiyo iko sawa. Mimi nakwenda, gari itaniacha." Mlango ukafungwa.

Kisha Caroline akacheka.

"Amekwenda? Kweli amekwenda? Angalia dirisha."

"Amekwenda," alisema mtu.

"Hiyo kitu yake nifute kwenye wimbo?" aliuliza fundi.

"Futa! Futa yote, Mungu wangu. Gune, kamata gita. Piga ile yeye alikuwa nataka kupiga." Kicheko kikamshika tena, kicheko chake chenyewe kile cha kupanda ngazi. "Lakini ngoja, ngoja, mimi nionyeshe nyinyi. Yeye nafunga macho hivi. Mdomo wazi hivi. Na vidole nayo, iko natafuta waya kama kuku natafuta mchele!"

Studio nzima ikaangua kicheko. Aliendelea, akimwigiza anavyotembea, anavyosalimia watu barabarani kama waziri, anavyomtazama yeye Caroline akidhani hatazamwi. Mwishoni sauti yake ikashuka.

"Lakini mtu hapana ambia yeye. Mimi nasema kweli, hapana ambia yeye. Huyu akiacha gita, atabaki nani?"

Gita likaanza. Tik, tik.

Pitia alivua spika akaziweka magotini. Gune alikuwa anatazama mikono yake mwenyewe, yenye weusi wa matairi usiotoka kwa sabuni yoyote.

"Wewe ulijua kuhusu solo?" Pitia aliuliza.

"Ni mimi nilipiga, Pitia. Nitakosa kujua namna gani?"

"Miaka thelathini na moja!"

"Caroline alikataza. Halafu kaseti ikatoka, wewe ukafurahi sana. Mimi nikaona, malesh, si kitu, wacha iwe yako." Gune alijikuna shingo. "Halafu watu wakaanza kutaka ile solo kila mahali, na mimi nikipiga, wanasema naiga wewe. Basi nikaacha gita. Khalas."

Mtu mwingine hapo angeomba msamaha. Pitia hakuona aliyekosewa ila yeye. Miaka yote ya ndoa Caroline alikuwa akimwambia, akimpakulia ugali, akimfunga vifungo vya shati siku za Ijumaa, kwamba hakuna mtu anayepiga kama yeye. Kumbe alikuwa akimlisha uji kama mtoto mgonjwa. Hasira ilimpanda hadi masikio yakamlia, na aliyestahili hasira ile alikuwa makaburini. Ikabidi imwangukie aliyekuwa karibu.

"Lilly akirudi," alisema, "wewe utamwambia huyo mwanamke kwenye mkanda si mama yake. Utasema ni msichana wa studio, Mganda. Umesikia?"

"Pitia. Ni mama yake."

"Mimi nimefiwa na mke! Wewe umefiwa na nani? Utamwambia hivyo, au hapa kwangu usikanyage tena, wala Jumamosi usikuje."

Gune alitaka kuja Jumamosi. Alikuwa na sababu zake za kutaka kumwombea Caroline, ambazo hakuwahi kuzisema na wala hakuna aliyewahi kumuuliza. Lilly aliporudi kutoka kazini saa kumi na moja, mkoba bado begani, macho yanang'aa, Pitia alimwambia kwamba kawaja amekosea. Sauti si ya Caroline. Ni ya msichana mmoja wa studio, jina lake wamelisahau.

Lilly alimgeukia Gune. "Anko? Ni kweli?"

"Ni kweli," Gune alisema akiitazama sakafu.

Lilly aliingia jikoni, na wakasikia maji ya kuosha vyombo yakitiririka ingawa vyombo vilikuwa vimeshaoshwa. Pitia alijisikia vibaya, tumpe haki yake. Alijisikia vibaya kwa muda wa kumaliza kikombe cha chai.

Alhamisi asubuhi alikwenda kwenye kibanda cha Namukasa, Mganda mwenye kompyuta na mashine ya kuchapa karibu na stendi ya boda boda ya Munuki, akamtajia anwani ya kawaja.

"Andika," alisema. "Mimi mwenye mkanda nataka ile sauti ya mwanamke ifutwe. Yote. Isibaki kwenye sahani, isibaki kwenye mashine yenu. Ifutwe kabisa."

Namukasa aliandika, akaacha vidole hewani. "Mzee, ni sauti ya nani?"

"Ya mtu tu," alisema Pitia. "Si mtu wa maana."

Neno hilo lilimtoka rahisi kuliko alivyotegemea. Akatembea kurudi nyumbani, akaiweka flashi kwenye jiwe la kunolea visu, akaivunja kwa nyundo. Usiku huo alilala fofofo.

Jumamosi turubai lilitandazwa uani, viti vya plastiki vikajaa, wanawake wa kanisa wakaja na sufuria zao. Mama yake Caroline, bikizee wa miaka themanini na kitu, aliketishwa kwenye mkeka mbele, na kwa desturi ya nyumba yao mgane akaketishwa mkeka ule ule, ubavuni kwa mama mkwe, miguu imenyooshwa, asiinuke hadi sala ifungwe. Anayeinuka kabla ya sala kufungwa anasema kwa miguu yake kwamba marehemu hakuwa kitu kwake. Pitia alilijua hilo. Mbele ya mkeka, karibu na goti lake, iliwekwa spika kubwa ya kuazima kanisani.

Katekista Job alisoma, wakaimba, akasema sasa familia itasema neno. Lilly alisimama. Alikuwa amevaa kitenge cha mama yake. Kabla ya kushika maikrofoni alipiga magoti mbele ya baba yake kana kwamba anamtengenezea mkeka, akamsemea sikioni.

"Kawaja aliniandikia jana. Alitaka kujua kama ni kweli Baba anataka sauti ya mama ifutwe kabisa. Alisema yeye haifuti bila mimi kukubali, kwa sababu mimi ndiye nilikuwa naongea naye tangu mwanzo." Aliunyoosha ukingo wa mkeka. "Nakala nyingine ilibaki kwa kompyuta ya ofisi. Nimesikia, Baba. Nimesikia mara arobaini."

"Lilly," alisema Pitia. "Mwanangu. Nakuomba."

"Mimi nilianza kusahau sauti yake, na wewe ulijua."

Akainuka. Aliwaambia watu, kwa sauti iliyotulia, kwamba kuna zawadi ya bibi: mama atawasalimia mwenyewe, na anaomba wasamehe, mama alikuwa na miaka ishirini na alikuwa anacheza. Akaiunganisha simu na spika, akaiweka simu juu yake, akarudi nyuma.

"Amekwenda? Kweli amekwenda? Angalia dirisha."

Bikizee alipiga yowe moja fupi akashika kifua. Wanawake walipiga vigelegele, wakalia, wakashikana mabega. Janepher, mdogo wake Caroline, alijitupa chini akaigusa spika kwa viganja viwili. Hakuna aliyesikiliza maneno. Walikuwa wanasikiliza koo, pumzi, kile kicheko cha kupanda ngazi, na kilipokwisha uani palikuwa na kilio kama siku ya msiba wenyewe.

"Rudisha," alisema bikizee.

Mara ya pili walisikia maneno. Walisikia futa yote. Walisikia kuku na mchele, na mjomba mmoja alishindwa kujizuia, akacheka huku machozi yanamtoka, kisha mwingine, kisha ua wote. Maana huyo ndiye alikuwa Caroline hasa, mchokozi tangu utotoni, amerudi kuwachekesha matangani kwake mwenyewe! Walimgeukia Pitia kwa mapenzi matupu. Shemeji mmoja alimpigapiga mgongoni. Walidhani naye anacheka, kwa kuwa alikuwa amefumba macho na mdomo ulikuwa wazi, na walipomwona hivyo wakacheka zaidi.

"Na huyo Gune yuko wapi?" aliuliza bikizee. "Yule mwenye gita. Bado mzima?"

Wakamtoa Gune nyuma ya watu, anapinga, wakamketisha upande wa pili wa bikizee. Mama mzee aliushika mkono wake mweusi wa matairi akauweka mapajani pake, hakuuachia tena. Gune alikuwa analia bila sauti, na kilio chake hakikuwa cha rafiki wa familia. Pitia alikiona. Alitazama mkono ule, akamtazama mwenye mkono, na mambo mengi ya miaka thelathini na moja yakaanza kujipanga upya kichwani mwake, bila haraka, moja moja.

Akatafuta macho ya Lilly. Lilly hakumtazama. Midomo yake ilikuwa inatembea kimyakimya, inarudia maneno ya mama yake ambayo ilikwisha kuyashika.

Alijaribu kuinuka. Bikizee, bila kugeuka, alimwekea kiganja gotini. "Kaa, mwanangu. Sala bado."

"Rudisha," watu wakaita kutoka nyuma, waliochelewa, waliokuwa jikoni. "Rudisha, na sisi tusikie!"

"Shemeji, wewe uko karibu," alisema Janepher, akijipangusa pua kwa kanga, akimtolea tabasamu lenye machozi. "Bonyeza tu hapo."

Pitia alinyoosha kidole akabonyeza. Caroline akacheka, akamfuta, akamwigiza, akauliza atabaki nani, na watu wakacheka naye. Alibonyeza mara sita zaidi kabla ya Katekista Job kufunga sala.